Mwalimu Wetu Yuko Wapi?

Hotuba niliyoitoa kwa wahitimu wa shule yetu ya sekondari ya kambi ya Nyarugusu, tulipokutana Columbus, Ohio

Sisi wa Louisville tumeshika barabara ya 71 tangu alfajiri, mwendo wa saa tatu na nusu. Wenzetu wa Buffalo wametumia zaidi ya saa tano, wakapita Cleveland ndipo wakashuka huku. Ndiyo maana kila mara tunakutana Columbus: ni katikati, na wenyeji wetu wanajua kupika sombe.

Kamati iliniomba niseme kwa dakika kumi na tano juu ya njia ya kuwa muuguzi hapa Marekani. Nitaisema, maana wako vijana humu ndani wanaoihitaji. Lakini ninalo neno lingine, nimelibeba zaidi ya miaka miwili. Naomba mnivumilie kama litawachoma. Limenichoma mimi kwanza.

Tangu asubuhi tumesimama mmoja mmoja kutoa habari zetu. Huyu amenunua nyumba. Yule ana lori lake na sasa ameajiri madereva wawili. Dada yetu amemaliza shahada ya pili. Kaka yetu wa Buffalo amekuwa msimamizi wa zamu. Nimepiga makofi kwa kila mmoja, na nimepiga kwa moyo. Tulitoka mbali! Watoto waliokaa juu ya matofali ya udongo, kitabu kimoja kwa watu wanane, leo wanasimama mbele za watu na kusema walipofika. Asiyefurahi ana roho mbaya.

Lakini nilikuwa nahesabu. Watu arobaini na wawili wamesimama, na hakuna hata mmoja aliyemtaja Mwalimu wetu wa hesabu.

Mnamjua. Jina lake sitalisema hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa. Ni yule aliyechora duara ubaoni kwa kipande cha chaki na uzi, kwa kuwa bikari haikuwepo. Yule aliyekuwa akituuliza swali kisha anageuka kutazama dirishani ili asituone tukihangaika, asituaibishe. Nusu ya humu ndani tulifaulu mtihani wa Serikali ya Kongo kwa sababu yake. Naomba mlishike hilo, nitarudi kwake.

Kwanza nilipe deni la kamati.

Mimi nina miaka 36. Nilizaliwa Fizi. Mwaka 1998 vita vya pili vilipoanza, tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, nikiwa na miaka tisa. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilikuwa imefunguliwa miaka miwili kabla, mwaka 1996. Wengine wenu mlianzia Lugufu, mkaletwa kwetu kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2009. Tulisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, katika nchi inayosema Kiswahili, tukisubiri kwenda nchi inayosema Kiingereza. Mimi nilisoma bio-kemia. Diploma yangu ilichelewa kunifikia, na nilipofika Louisville mwaka 2013 nilikuwa nayo kichwani, si mkononi.

Kwa hiyo vijana, sikilizeni. Kama karatasi yako iko mkononi, ipeleke ifanyiwe tathmini kabla hujaambiwa uanze upya. Kama huna, fanya mtihani wa GED, usione aibu. Mimi niliufanya. Mwaka 2014 nilichukua mafunzo ya msaidizi wa muuguzi, yale ya wiki chache, nikaanza kuogesha wazee na kuwageuza kitandani. Mwaka uliofuata nikaingia kazi ya usiku pale Worldport, uwanja mkubwa wa mizigo wa UPS, Louisville. Ndege zinatua usiku, tunachambua mizigo, zinaondoka kabla hakujapambazuka. Wengi mnadhani kazi ile ni mgongo tu. Lakini tangu mwaka 1998 ule mji una mpango unaoitwa Metropolitan College: anayefanya zamu ya usiku analipiwa ada katika Chuo Kikuu cha Louisville au chuo cha jamii cha Jefferson. Nilipitia njia hiyo. Nililala saa nne kwa siku, kwa mafungu mawili. Nilifeli somo moja la maumbile ya mwili nikalirudia. Mwaka 2019 nikapata shahada ya uuguzi, nikapasi mtihani wa leseni, NCLEX.

Jambo la mwisho la kazi, na wengi hawalijui: leseni ya uuguzi ina mipaka. Kentucky imo katika mkataba wa majimbo yanayotambua leseni moja. Ohio iliingia mwaka 2023. Kwa hiyo mimi wa Louisville naweza kufanya kazi hapa Columbus kwa leseni ile ile. New York haimo. Nikifika Buffalo mimi si muuguzi, ni mgeni tu. Ukichagua pa kuhamia, lipime hilo.

Deni la kamati nimelilipa. Sasa nirudi kwa Mwalimu.

Mwalimu na mama walifika Buffalo mwaka 2016. Je, wangapi mlijua? Wawili, naona mikono miwili. Mimi sikujua. Oktoba 2022 nilikwenda Buffalo kwenye harusi ya mmoja wetu, upande wa West Side, karibu na mtaa wa Grant. Tulikuwa wahitimu kumi na tano. Tulipiga picha, tukaimba wimbo wa shule. Nililala usiku mbili nyumbani kwa rafiki. Nilikuja kujua baadaye kwamba Mwalimu alikuwa anakaa mitaa miwili kutoka pale nilipolala. Hakualikwa. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa kwa upole kabisa: "Dada, mzee hana uwezo wa mchango, tukaona tusimsumbue."

Tukaona tusimsumbue!

Desemba ile ile, tarehe 23, ikaja tufani ya theluji ambayo watu wa Buffalo hawataisahau. Watu zaidi ya arobaini walifariki katika eneo lile, wengine ndani ya magari yao, wengine majumbani umeme ulipokatika. Sisi tulitumiana ujumbe: mko salama? Tuko salama. Kila mmoja akajibu na picha ya mlango uliozibwa na theluji. Hakuna aliyeuliza Mwalimu yuko salama. Hakuwa katika orodha yetu, na asiyekuwa katika orodha haulizwi.

Machi 2023 mama mwalimu aliugua. Ni mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi. Alilazwa, akapata nafuu, wakampa insulini ya kuchoma mara mbili kwa siku, kabla ya chakula cha asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Siku ya kutoka, Mwalimu alikuwa kazini, anasafisha ofisi zamu ya usiku na siku ile aliongezewa ya mchana. Mama alikuwa na mjukuu wa miaka kumi. Mtoto amekulia hapa, Kiingereza chake kinateleza kama maji, Kiswahili anacho cha kuombea chakula. Wakamweleza mtoto: amwambie bibi achome saa "eight" asubuhi na "eight" usiku. Mtoto akamwambia bibi: saa nane asubuhi na saa nane usiku.

Naona wakubwa mmeshashika vichwa. Vijana wa hapa bado hamjaelewa, nitawaeleza. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza. Yao "eight" ya asubuhi ni saa mbili yetu. Saa nane yetu ni "two" yao. Mama alipoambiwa saa nane asubuhi alijua mtoto amekosea, kwa sababu saa nane asubuhi haipo duniani. Akafikiri mtoto amechanganya asubuhi na mchana. Hakujua kwamba kilichokosewa ni saa yenyewe. Basi akawa anachoma saa nane mchana, na anaamka saa nane usiku, anachoma, anarudi kulala. Bila kula. Mwanamke mtiifu, amewekewa saa ya kuamsha, hakukosa hata mara moja.

Usiku wa tatu Mwalimu alirudi kazini alfajiri akamkuta amelowa jasho, anakoroma vibaya, haitiki. Alipiga 911. Sukari ilikuwa imeshuka hadi 31. Wauguzi mlioko humu mnajua maana ya namba hiyo. Alipona. Nasema tena, ALIPONA, na anaendelea vizuri. Lakini ingekuwa zamu ya Mwalimu imeongezwa saa moja tu, leo ningekuwa nawaomba rambirambi.

Wiki mbili baadaye simu yangu iliita. Namba nisiyoijua. Akajitaja. Nilisimama wima kama darasani. Nilifikiri anataka fedha, na nawaambia ukweli mbele ya Mungu, moyoni nilianza kupiga hesabu nitampa ngapi. Hakuomba fedha. Alisema: "Mwanangu, nimesikia wewe ni muuguzi. Nilitaka kuhakikisha. Saa yao na saa yetu, tofauti ni sita wakati wote, hata majira yanapobadilishwa saa hapa?" Nikamwambia ndiyo Mwalimu, ni sita wakati wote. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Kutoa sita najua. Ila siku ile sikuwepo."

Mtu aliyetufundisha hesabu sote tuliomo humu ndani!

Ndugu zangu, katika kundi letu wakati ule tulikuwa na wauguzi watatu, wasaidizi wa wauguzi siwezi kuwahesabu, na watu wanne wanaofanya ukalimani kwa malipo, wawili wao wako Buffalo hiyo hiyo. Kila mwaka tunasimama kueleza kazi hizo, na tunapigiwa makofi. Siku mama mwalimu alipozihitaji, kazi ile ilifanywa na mtoto wa miaka kumi.

Na mimi nisijitoe. Miezi ile ile, kazini kwangu, nilikuwa nimeona watoto wakiwatafsiria bibi zao, nikapita. Mstari wa mkalimani wa simu unachukua dakika kadhaa kupatikana, una wagonjwa sita, mtoto yupo pale anaongea vizuri, unajiambia haya yataisha salama. Nilipita zaidi ya mara moja. Baada ya simu ya Mwalimu nilikaa garini nikajiuliza ni bibi wa nani niliowaacha waende nyumbani na saa nane yao.

Sasa sheria inasemaje? Nitaieleza polepole, na walioko nyumbani watakaosoma hotuba hii wawaambie ndugu zao walioko huku. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 inakataza mtu kubaguliwa kwa asili yake mahali panapopokea fedha za serikali kuu, na mahakama zimeona lugha imo ndani ya asili. Sheria ya afya ya mwaka 2010, kifungu cha 1557, na kanuni zake, zinataka hospitali hizo zimpe mgonjwa mkalimani anayefaa, BURE. Na zinakataza kumtumia mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa katika dharura wakati hakuna mwingine wa kumpata pale pale. Mnajua pia kwamba tarehe 1 Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya nchi hii. Wazee wengi wamenipigia simu wakiogopa kwamba sasa hakuna mkalimani tena. Amri ile haikufuta kifungu cha 1557. Sheria iliyopitishwa na Bunge haifutwi kwa amri. Kwa hiyo mzee aende hospitali bila hofu na aseme maneno matatu tu: "Swahili interpreter, please." Na kama kwake ni Kibembe au Kifuliiru kinachoingia vizuri, aseme hivyo.

Lakini sheria haiendi yenyewe kitandani kwa mgonjwa. Lazima awepo mtu wa kuikumbusha. Mtu huyo ni nani kama si sisi tuliosoma?

Pale Louisville tunajivunia Muhammad Ali. Uwanja wetu wa ndege una jina lake. Wazee wanakumbuka alivyompiga Foreman Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Lakini mwaka 1954, akiwa mtoto wa miaka 12, baiskeli yake iliibiwa, akaenda kushtaki kwa askari polisi aitwaye Joe Martin huku akisema atampiga mwizi. Yule askari alikuwa anafundisha ngumi. Akamwambia, jifunze kwanza kupigana. Dunia nzima inamjua Ali. Sisi tunamjua Ali wetu, kila mmoja ni Ali wa kwao. Joe Martin wetu anasafisha ofisi usiku Buffalo, na mkutano wetu una kiingilio cha dola 100.

Ndiyo. Wiki iliyopita nilimpigia nikamwambia njoo, nitakulipia. Alicheka akasema, "Mwakani mwanangu, ruhusa ya kazi ni ngumu." Sikujua kama ni ruhusa, au ni heshima yake ya kukataa kulipiwa na mwanafunzi.

Na huyo ni aliyefika. Wako walimu wetu walioko bado Nyarugusu, wanaofundisha kwa motisha ambayo kila mmoja wetu anajua haikutosha hata sabuni. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulikatwa hadi nusu. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote. Wengine walikuwa wameshamaliza mahojiano na vipimo, wanasubiri ndege. Tarehe 20 Januari 2025 mlango ukafungwa kwa amri, na kwa mwaka wa 2026 ikawekwa idadi ya watu 7,500 kwa dunia nzima, wengi wao wakilengwa Waafrikana wa Afrika Kusini. Wiki moja baada ya amri ile ya Januari Goma ilianguka, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Mbele kumefungwa, nyuma kunawaka moto. Walimu wetu wako katikati, na chaki mkononi.

Hapo zamani tulijidanganya kwamba kila mtu atafika, zamu kwa zamu, na akifika tutaonana. Hiyo sasa haipo. Tulioko huku ndio tuliopo. Tusidanganyane.

Kwa hiyo nina maombi matatu, si zaidi.

Kwanza. Tubadilishe namna ya kutoa habari zetu. Mwakani kila anayesimama aseme mambo matatu: nafanya kazi gani, nilianguka wapi njiani ili mdogo wangu asianguke hapo, na mwaka huu nimemhudumia nani kwa kazi hiyo. Dereva aseme alimpeleka nani kliniki. Muuguzi aseme alikaa na nani kusoma karatasi za dawa. Asiyekuwa na cheo chochote lakini alizika wafu wetu na kulea watoto wa wenzake naye asimame, na apigiwe makofi kuliko mimi.

Pili. Kila mji uchague watu wawili wa kuijua orodha nzima, si ya waliolipa mchango bali ya WOTE waliosoma na waliofundisha. Louisville nimejitolea mimi na kaka yangu pale nyuma. Kazi yao ni kupiga simu nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwezi. Na kwa kila mgonjwa anayetoka hospitali, aende mtu na kalamu, aandike saa za dawa kwa saa zote mbili, achore jua na mwezi pembeni. Inachukua dakika tano. Wanaotaka kuwa wakalimani wa hospitali wajue kwamba mafunzo ya saa 40 ndiyo mlango wa cheti. Tuwalipie watatu mwaka huu, mmoja kila mji.

Tatu. Walimu wasilipe kiingilio, milele. Na katika kila dola 100 zetu, 20 ziende kwa walimu walioko kambini na kwa ada za mitihani ya wadogo zetu. Hesabu zisomwe hadharani, hapa, kila mwaka.

Najua wengine mtasema mchango umeshakuwa mzito, na kila mtu ana ndugu zake kule. Ni kweli. Mimi pia nina watu tisa wanaonitegemea Nyarugusu na Uvira. Sisemi mtoe msichokuwa nacho. Nasema kile ambacho tayari tunacho, elimu hii tunayoisimulia kila mwaka, tuhakikishe kinafika mitaa miwili kutoka tulipolala.

Kesho asubuhi narudi Louisville, lakini si kwa njia ya moja kwa moja. Napitia Buffalo kwanza. Kule mimi si muuguzi, leseni yangu haivuki mpaka wa New York. Lakini Kiswahili changu kinavuka, na kalamu yangu inavuka. Garini kwangu kuna nafasi nne. Anayetaka kwenda kumwamkia Mwalimu tuonane mlangoni saa kumi na mbili alfajiri.

Saa kumi na mbili YETU.